Mchawi wa Mahakama na Jajwok wa Mulanda

Katika gombolola ya Mulanda, iliyoko Budama ya Magharibi, upande ule wa Tororo, mashariki ya Uganda, unaoelekea mpaka wa Busia, mtu akiamshwa usiku wa manane na mchanga unaomiminika juu ya mabati ya nyumba yake, na mlango ukakwaruzwa polepole kana kwamba kuna mnyama anayejikuna mgongo, hapigi yowe la mwizi. Hutulia kitandani akasikiliza, maana amekwisha kumtambua aliye nje kuwa ni jajwok: mtu wa kawaida kabisa, pengine jirani aliyemwamkia mchana kisimani na kumwulizia hali ya watoto, ambaye usiku ukiwa mkuu huvua nguo zake zote akakimbia uchi mashambani, akatupa mchanga na vijiwe juu ya mapaa ya watu, akasugua makalio yake milangoni mwao, kisha akatokomea migombani kabla ya jogoo la kwanza. Yasemwa kwamba hali hiyo hurithiwa katika damu, kwamba mwenye nayo akijizuia huugua, na kwamba haibi kitu wala, aghalabu, haui mtu. Atakalo ni kumtia hofu mwenye nyumba, basi.

Jajwok huyo si jathieth. Jathieth ni mganga, mwenye uwanja wake na saa zake za kupokea wagonjwa, mwenye mizizi na magome aliyofundishwa na aliyemtangulia, na nyumba yake haifichwi, kwa kuwa riziki yake i katika kujulikana. Wala hao wawili hawafanani na mtu wa sumu, ambaye Wapadhola, wenyeji wa Mulanda, humwogopa kupita wote, na wana sababu: pombe yao ya wimbi, iitwayo kongo, hunywewa na wazee wengi kutoka chungu kimoja kwa mirija mirefu, na atakaye kumdhuru mwenzake hana haja ya kumfuata mbali. Na tena mbali na hao watatu kuna tipo, kivuli cha mtu aliyeuawa, ambacho humwandama mwuaji na ukoo wake mpaka damu ile isuluhishwe. Hicho si mtu mbaya hata kidogo, bali ni haki inayodai deni lake. Wajaluo wa Kenya, walio ndugu zao kwa asili na lugha, wana hesabu ndefu zaidi: ajuoga, jabilo, janawi, jajuok, kila mmoja na kazi yake, na mzee wa Siaya au wa Alego akisikia unachanganya janawi na jajuok atakusahihisha kwa ukali uleule ambao kadhi angemsahihisha mtu anayechanganya mahari na urithi.

Majina hayo nimeyatangulizia kwa kuwa habari ninayotaka kuisimulia ni ya neno moja la Kiingereza, "witchcraft", lililoingia nchi hii katika vitabu vya sheria, likawachukua watu hao wote, mwovu na mwema, mwenye wazimu na mwenye elimu, likawatia chini ya kifungu kimoja.

Waingereza wenyewe hawakudumu na neno hilo katika maana moja. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuivamia nchi yao mwaka 1066, yalikuwapo maneno mawili, wicca kwa mwanamume na wicce kwa mwanamke, na kwa kupita kwa karne yakawa neno moja, "witch", ambalo lilizidi kumwelemea mwanamke, hasa mwanamke mzee asiye na wa kumtetea. Mfalme James, ambaye mwaka 1597, angali akitawala Scotland peke yake, alitunga kitabu kizima juu ya mashetani na watumishi wao, aliporithi na kiti cha Uingereza ilipitishwa sheria ya mwaka 1604 iliyomhukumu kifo mtu aliyefanya mapatano na pepo wabaya au kumwua mwenzake kwa sihiri. Sheria ile ilikuwa na imani. Iliamini kwamba mchawi yupo, na kwamba aweza. Lakini mwaka 1735 Bunge la London liligeuza shauri lote juu chini, likafuta ile ya 1604 na kuweka nyingine iliyosema, kwa maana yake, kwamba uchawi haupo, na hivyo anayestahili adhabu ni yule anayejisingizia kuwa nao ili awahadae watu. Tangu siku hiyo mchawi wa mahakama ya Kiingereza hakuwa tena adui wa Mungu, bali ayari. Na mtu asidhani kwamba sheria hiyo ilikuwa imelala: mwaka 1944, katika vita kuu ya pili, mwanamke wa Kiskoti, Helen Duncan, aliyekuwa akidai kusema na roho za wafu, alitiwa hatiani London kwa sheria hiyohiyo ya 1735 akafungwa miezi tisa. Ilifutwa mwaka 1951.

Turudi kwetu. Uganda ilitangazwa kuwa chini ya hifadhi ya Waingereza mwaka 1894, na mpaka tarehe 1 Aprili 1902 nchi ya mashariki yote, pamoja na Kisumu na kuendelea hadi Naivasha, ilikuwa sehemu ya Uganda. Siku hiyo ikakatwa ikapewa jirani yake ambaye baadaye aliitwa Kenya. Hivyo watu waliokuwa wakioana na kuzikana bila ya kuulizana cheti, Wasamia, Wateso, na hao Wajaluo na Wapadhola, wakajikuta wana serikali mbili, na baada ya muda mfupi wakawa na sheria mbili za uchawi: Kenya ikatunga yake mwaka 1909, ikairekebisha 1918, na kuitengeneza upya mwaka 1925, Uganda ikatunga yake 1912, kisha 1921, na ile ya mwisho 1957. Anayezisoma leo haoni taabu kujua zilikonakiliwa. Katika ile ya Kenya ya 1925 kosa ni kujitangaza kuwa mganga wa kichawi awezaye kuwatia watu hofu, bughudha au madhara, au kujisingizia kuwa na nguvu za sihiri. Na kujisingizia huko, kwa maneno yake yenyewe, ni kule kwa Bunge la London la 1735, kulikovuka bahari na kufika Busia bila ya kubadili nguo.

Hapa ndipo palipo na ila kubwa, na sioni kama watungaji wa sheria walipata kuiona. Ni nani, katika Mulanda au kijiji chochote cha ng'ambo ya pili, anayejitangaza? Jajwok hajitangazi, akiulizwa atakana mpaka kaburini. Mtu wa sumu hajitangazi. Anayejitangaza ni jathieth, yule ambaye watu humwendea ili awaponye na mikono ya wale wawili. Basi sheria iliyoletwa kuondoa hofu ilimwangukia mtu mmoja tu ambaye wanakijiji walimhesabu kuwa dawa ya hofu hiyo, ikawaacha salama wale waliokuwa wakiogopwa. Fauka ya hayo, sheria ya Kenya ilifanya kuwa ni kosa pia kumtuhumu mtu uchawi, isipokuwa mbele ya mkuu wa wilaya, polisi, chifu au mwenye mamlaka mengine. Kwa hiyo mwenye kudhurika, kwa dhana yake, hakuwa na ruhusa ya kulia, na mwenye kumtibu hakuwa na ruhusa ya kutibu. Nakiri kwamba kifungu hicho cha tuhuma kiliwaokoa vikongwe wengi wasio na hatia, na sipendi kukibeza. Lakini machoni pa watu wa mipakani serikali ilionekana kuwa imejiunga na upande wa jajwok.

Katikati ya Kiingereza cha hakimu na Dhopadhola, lugha ya mshitakiwa, palisimama Kiswahili, au Luganda, kwa kutegemea askari na karani walikuwa watu wa wapi. Waganda ndio waliotangulia kuitawala nchi hii ya mashariki kwa niaba ya Waingereza, wakiongozwa na Semei Kakungulu, mjenzi wa Mbale, na wao wakawaita wenyeji Badama. Wakaja na maneno yao, omulogo kwa mchawi na omusezi kwa yule wa usiku, na huyo wao husemwa kuwa hula hata maiti, jambo ambalo jajwok wa Padhola hatuhumiwi nalo. Kiswahili kilikuja na askari wa bunduki na reli, na Gavana William Gowers mwaka 1927 alitaka kiwe lugha ya shule na ofisi katika sehemu kubwa ya Uganda, shauri lililopingwa vikali na Kabaka wa Buganda, Daudi Chwa. Sasa, Kiswahili cha pwani kilikuwa na uwezo wa kuikamilisha kazi ya ukalimani vizuri kuliko Kiingereza, kwa kuwa watu wa Mombasa na Unguja hawajapata kamwe kuchanganya uganga na uchawi. Mganga huitwa nyumbani mchana na kuandaliwa chakula, na mchawi ni yule aliyemfanya mganga aitwe. Tuna na mwanga, mtu wa kuwanga usiku uchi wa mnyama, ambaye kwa kweli ni ndugu wa damu wa jajwok. Lakini mkalimani wa baraza hakuulizwa habari za mwanga. Aliulizwa swali moja, kama mtu huyu ni mchawi au si mchawi, na akatakiwa ajibu kwa ndiyo au la.

Dini nayo ilikuwa na sehemu yake katika mchanganyiko huu, na mfano ulio mkubwa ulitokea jirani. Mwaka 1914 katika Buganda lilizuka kundi la Wakristo waliomfuata Malaki Musajjakawa, pamoja na chifu mwenye cheo kikubwa, Joswa Kate, Mugema wa nchi ile, wakafundisha kwamba Biblia inapoharimisha waganga na wachawi inaharimisha dawa zote pia, na kwamba daktari wa hospitali na sindano yake ni mganga kama waganga wengine, wala mwumini asimwendee. Walibatiza makumi ya maelfu ya watu, kwa kuwa hawakuwadai mafunzo marefu kama misheni, na habari yao ikaenea mashariki hata kwa Kakungulu, aliyekuwa amekwisha kukosana na serikali. Naye akaifuata, akakataa chanjo kwa watu wake na kwa ng'ombe wake, na mwaka 1919 akavuka na mpaka wa Ukristo, akatahiriwa, akaanzisha karibu na Mbale jamii ya Wayahudi Weusi iliyoko mpaka leo. Wamisheni waliwacheka Wamalaki, wakawaita wajinga. Lakini mimi naona Wamalaki walikuwa wanafunzi waaminifu wa wamisheni hao: waliambiwa kwamba mizizi ya babu zao na sihiri ni kitu kimoja, wakaamini, wakaongeza hatua moja tu.

Mungu mwenyewe hakusalimika na mkorogo huu. Mzizi ule unaotoa jina la jajwok, yaani jwok au jok, ndio Washilluk wa Sudani Kusini wanaomwitia Mola Muumba, na Waacholi wanaoziitia nguvu za mahali na za mababu. Okot p'Bitek, mshairi na mtaalamu wa Kiacholi, ameandika jinsi mapadre wa Kiitalia mwaka 1911 walivyowauliza wazee ni nani aliyewaumba, na wazee, ambao hawakuwa na dhana ya kuumbwa kwa namna ile, baada ya kusumbuliwa sana wakataja rubanga, ambaye ni pepo anayewafinyanga watu vibaya akawatoa vibiongo. Na tangu hapo Waacholi Wakatoliki humwabudu Mungu kwa jina hilo. Wapadhola waliponea tundu ya sindano, kwani wao walikuwa na Were, Were wa uwanja wa nyumba na Were wa porini, jina lililokubalika kanisani bila ya fedheha. Profesa Bethwell Ogot, aliyechunguza historia yao kwa makini zaidi kuliko mwanachuoni yeyote, akakitoa kitabu chake juu ya Wajaluo wa Kusini mwaka 1967, ameeleza pia ibada ya Bura iliyokuwa na makao yake Tewo, na kiongozi wake Majanga, ambaye nguvu zake zilielekea kuziunganisha koo zisizokuwa na mfalme. Mtu wa namna hiyo ungemwita nani kwa Kiingereza? Nabii, kuhani, chifu? Afisa mwenye haraka alikuwa na neno lake tayari.

Wanachuoni wa Ulaya walijaribu kulisafisha neno hilo. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Waazande, alitenga mambo mawili: uchawi ulio ndani ya mwili wa mtu, anaozaliwa nao na uwezao kudhuru hata bila ya yeye kufanya kitu, na uchawi wa madawa, ambao mtu hujifunza na kuukusudia. Waazande wana maneno mawili kwa hayo, na Kiingereza kikakopeshwa mawili yake. Kwa miaka 30 kila mtafiti aliyefika Afrika ya Mashariki alikuja na vikapu hivyo viwili mkononi, na mwaka 1963 John Middleton na E. H. Winter wakakusanya makala za wengi wao katika kitabu kimoja, pamoja na ya Jean La Fontaine juu ya Wagisu wa mlima Elgon, wanaouona mwamba wa Tororo kwa mbali. Vitabu hivyo vina fadhila kubwa. Hata hivyo jajwok haingii katika kikapu chochote: amezaliwa na hali yake, hivyo si mtu wa madawa, lakini hadhuru kwa jicho wala kwa moyo, hukimbia kwa miguu yake na kurusha mchanga kwa mkono wake, na mtu mwenye mbio aweza kumkamata.

Na alipokamatwa ndipo mahakama zilipotoka jasho. Mwaka 1932 katika Kenya Wakamba 60 walihukumiwa kifo kwa pamoja Nairobi kwa kumpiga hadi kufa mwanamke waliyemtuhumu kumroga mke wa mmoja wao. Kesi ikaitwa kwa jina la Kumwaka, ikasababisha mabishano hata magazetini London, na mwishowe hawakunyongwa. Lakini kesi inayowahusu zaidi watu wa Mulanda ni ya Uganda ya mwaka 1941, ya Fabiano Kinene na wenziwe. Hao walimkuta mtu usiku wa manane akitambaa uchi katika uwanja wa nyumba, wakamkamata, wakamwua kwa njia ya kale waliyoijua ya kuwaua wachawi, kwa kumsukumia mwilini ndizi mbichi takriban 20. Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilisikiliza, ikakubali kwamba watu wale waliamini kwa dhati kuwa aliye mbele yao anafanya uchawi papo hapo, na kwamba imani ya namna hiyo yaweza kuwa chokochoko ya kumpandisha mtu hasira ghafula. Ikapunguza kosa kutoka mauaji ya kukusudia. Nimeisoma hukumu hiyo zaidi ya mara moja, na kinachonishangaza ni kwamba majaji wa Kiingereza, waliofundishwa kwamba uchawi haupo, walilazimika kupima kwa mizani ya mawakili kama mtu uchi aliyetambaa gizani alikuwa ameudhi kiasi cha kutosha. Miaka kumi baadaye, katika kesi ya Galikuwa ya 1951, mahakama hiyo iliufunga mlango nusu: imani peke yake haitoshi, bali ni lazima aliyeuawa awe ametenda kitendo cha uchawi mbele ya macho ya mshitakiwa. Kwa kipimo hicho jajwok, asiyemdhuru mtu, ndiye aliyekuwa katika hatari kubwa kuliko wote, maana ndiye pekee anayeonekana kazini.

Sheria ya Uganda ya 1957 ilijaribu kuwa na busara kuliko zilizotangulia. Ilitamka kwamba uchawi unaokatazwa haukusanyi ibada ya kweli ya mizimu, wala utengenezaji na uuzaji wa dawa za kienyeji kwa nia safi. Hivyo jathieth, baada ya miaka 45, akapewa pumzi. Lakini ilimpa hakimu uwezo wa kumfukuza aliyetiwa hatiani asikanyage kwao kwa muda wa miaka. Salvatori Abuki, wa wilaya ya Apac katika nchi ya Lango, alifungwa miezi 22 na kuamriwa akae mbali na kwao miaka kumi baada ya kifungo. Alipeleka shauri lake Mahakama ya Katiba, na mwaka 1997 majaji wakasema kwamba kumtoa mtu katika ardhi yake, nyumba yake na riziki yake ni adhabu isiyo ya kiutu. Mahakama ya Juu ya nchi ikathibitisha hilo mwaka 1999. Mahakama ya Katiba ilitaja na jambo jingine, ambalo kwangu lina uzito uleule: kwamba sheria haikueleza waziwazi uchawi ni nini, hata mtu ajue kabla ya kutenda kwamba analotenda ni kosa. Ilikuwa imesema kisicho uchawi, na kingine ikakiacha.

Tangu hapo Bunge la Kampala limetunga sheria mbili mpya, ya mwaka 2019 juu ya tiba asilia na tiba mbadala, inayowataka waganga wasajiliwe, na ya 2021 juu ya kafara ya binadamu, ambayo humwadhibu mwuaji kwa kuua, wala haihitaji kuuliza kama nguvu alizozitafuta zipo. Huko Uingereza neno limekwisha kugeuka tena: Gerald Gardner alichapisha kitabu mwaka 1954, miaka mitatu baada ya sheria ya zamani kufutwa, na leo wapo Waingereza na Wamarekani wanaojiita kwa jina hilo hadharani na kuliita dini. Kijana wa Mulanda aliyesoma Tororo hulikuta katika simu yake kwa maana hiyo, na katika sheria ya nchi kwa maana nyingine, na kanisani kwa maana ya tatu.

Katika mabaraza ya koo, yanayosimamiwa na umoja wa Wapadhola uitwao Tieng Adhola, mashauri huendeshwa kwa Dhopadhola tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu akiwa ameua, ukoo wake na ukoo wa marehemu hukutanishwa mbele ya wazee, wakapatanishwa kwa ibada ya kale, ili tipo irudi isiwaandame watoto wasiojua lolote. Afisa wa 1912 angeliiandika ibada hiyo chini ya neno lake lilelile. Sheria ya 1957 haiitaji kwa jina, na koo zingali zikiifanya.